Kaunti Ikitaka Kuongeza Ghorofa Mtaani Kwenu: Jinsi ya Kusoma Tathmini ya Mazingira na Kuijibu

Wakazi wengi wa Nairobi huanza kuhangaika siku wanapoona kiwanja cha jirani kimezungushiwa mabati na tingatinga limeingia alfajiri. Wakati huo mambo makubwa yameshaamuliwa. Idadi ya ghorofa zitakazosimama pale iliandikwa zamani kwenye karatasi mbili: mpango unaoweka vikomo vya ujenzi vya mtaa mzima, na ripoti ya tathmini ya mazingira iliyopaswa kuandamana nao. Karatasi hizo zilitangazwa, zikapewa siku za maoni, na siku zikaisha kabla mtu wa mtaa hajaandika hata mstari mmoja.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayelala Kilimani, Kileleshwa, Lavington, Parklands, South C au mtaa mwingine wa makazi unaogeuka kuwa msitu wa maghorofa. Mwenye nyumba, mpangaji wa chumba cha nyuma, mlinzi wa geti, mama mboga wa kona, wote wamo. Mimi sipingi maghorofa. Jiji linahitaji nyumba, na mtu anayefanya kazi Upper Hill ana haki ya kulala karibu na kazi yake badala ya kumaliza saa mbili ndani ya matatu. Ninachodai ni hesabu ya maji, majitaka, barabara na mitaro ifanywe kabla ya kikomo kuongezwa, na ifanywe kwa ukweli.

Kwanza, jua ni karatasi gani iko mbele yako

Kuna tathmini za aina mbili, na wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni tathmini ya kimkakati ya mazingira. Hii ni ya sera, mipango na programu: kwa mfano, kaunti ikitaka kubadilisha kanuni ili mtaa wa ghorofa nne uruhusiwe ghorofa kumi na nne. Inatokana na kifungu cha 57A cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, ambayo kila mtu huiita EMCA. Kifungu hicho kiliingizwa kwa marekebisho ya 2015, na kinagusa mipango ya taifa, ya kaunti na hata ya mahali padogo.

Ya pili ni tathmini ya athari kwa mazingira. Hii ni ya mradi mmoja kwenye kiwanja kimoja, chini ya kifungu cha 58. Mwenye mradi hutakiwa kuwa na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, kabla ya kuanza kujenga. Tangu 2019 miradi imegawanywa katika makundi ya hatari ndogo, ya kati na kubwa, na idadi ya nyumba ni mojawapo ya mambo yanayoamua kundi. Mradi wa nyumba zaidi ya 100 huingia kwenye hatari kubwa, kwa hiyo usikubali kuambiwa "ni apatimenti tu". Hesabu nyumba kwenye michoro, moja moja.

Ukiwa na muda wa kupigania moja tu kati ya hizi mbili, pigania ya kwanza. Ripoti ya jengo moja karibu kila mara itasema athari ni ndogo, na mara nyingi itakuwa inasema kweli: jengo moja halikaushi bomba la mtaa. Mtaa huumizwa na jengo la sitini. Lakini kila mwenye mradi anajibia kiwanja chake peke yake, na hakuna anayelipwa kujumlisha. Mahali pa kujumlisha ni kwenye tathmini ya kimkakati, wakati vikomo vinawekwa. Ikipita bila wewe, utabaki kupambana na majengo sitini, kila moja na faili lake.

Pili, tafuta kikomo cha sasa na ukielewe

Kwa Nairobi, mwongozo wa kanda za ujenzi uliotumika kwa miaka mingi ni wa 2004. Kilimani na Kileleshwa zilikuwa kanda ya 4, ambako apatimenti ziliruhusiwa penye bomba la majitaka tu, na mwisho ghorofa nne. Pita leo barabara ya Argwings Kodhek au Dennis Pritt uhesabu ghorofa, utaona umbali ulioko kati ya karatasi na mtaa. Baadaye ukaja mpango mkuu wa jiji wa 2014 hadi 2030, unaojulikana kama NIUPLAN. Mvutano kuhusu kikomo gani ndicho halali umefikishwa hadi mahakamani, wakiwemo wakazi wa Rhapta Road huko Westlands. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa ofisi ya mipango ya kaunti liwe hili, kwa maandishi: "Kikomo kinachotumika sasa kwenye barabara yetu ni kipi, kimepitishwa na nani, na tarehe gani?"

Utakutana na tarakimu mbili. Ya kwanza ni sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa na jengo. Ya pili ni uwiano wa sakafu, yaani ukubwa wa sakafu zote ukizijumlisha, ukilinganishwa na ukubwa wa kiwanja. Chukua kiwanja cha nusu eka, karibu mita za mraba 2,000. Ukiruhusiwa kufunika asilimia 35, jengo linakalia mita 700. Uwiano ukiwa asilimia 75, sakafu zote kwa pamoja haziwezi kuzidi mita 1,500. Sasa tuseme rasimu mpya inapendekeza uwiano wa asilimia 300: sakafu zinaruka hadi mita 6,000. Ni mara nne kwenye kiwanja kilekile, barabara ileile na bomba lilelile. Ndiyo maana tarakimu ya uwiano ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Watu hubishana juu ya ghorofa kwa sababu zinaonekana, na uwiano unapita kimyakimya kwenye jedwali la mwisho.

Tatu, ipate ripoti yenyewe

Matangazo hutoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo huchapishwa kila Ijumaa, na kwenye magazeti ya kila siku. Kwa mradi mmoja, angalia pia bango kwenye kiwanja. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka mwombaji wa kibali cha ujenzi aujulishe umma na kuualika kutoa pingamizi. Mkubaliane na majirani, mtu mmoja awe na zamu ya kupekua Gazeti kila Ijumaa na kutafuta jina la mtaa wenu. Hii ni kazi ya dakika kumi, na hakuna kitu kitakachowasaidia kuliko hiyo.

Tangazo la NEMA huwa na mambo yaleyale: jina la mradi, namba ya kiwanja, jedwali la athari na jinsi zitakavyopunguzwa, mahali pa kusomea ripoti kamili, na muda wa maoni, mara nyingi siku 30 tangu kuchapishwa. Jedwali lile ni muhtasari tu, usijibu kwa kulitegemea. Nenda makao makuu ya NEMA, Popo Road, South C, au kwa mkurugenzi wa mazingira wa kaunti, uombe ripoti nzima pamoja na viambatisho. Ukizungushwa, andika barua ukitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu. Lakini siku za maoni hazikungoji. Siku unayopeleka barua hiyo, anza pia kuandika maoni yako kwa kile ulichonacho.

Tarehe ya mwisho iandike kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni. Maoni mazuri yaliyofika siku moja baadaye hayamlazimishi mtu yeyote kuyasoma.

Nne, hesabu mwenyewe

Hapa ndipo pa kutulia, maana hapa ndipo mkazi anamshinda mtaalamu. Mtaalamu alikuja mtaani siku mbili. Wewe unalala hapo.

*Maji.* Chukua jengo la ghorofa 14 lenye nyumba 8 kila ghorofa. Hizo ni nyumba 112. Weka watu watatu kila nyumba, watu 336. Mpe kila mmoja lita 100 kwa siku, kiasi cha kawaida kwa mtu wa mjini mwenye bafu na choo cha kuvuta. Unapata lita 33,600 kila siku, mahali ambapo nyumba moja ya familia ya watu sita ilitumia lita 600. Kisha rekodi siku ambazo maji ya kampuni ya jiji yanafika kweli kwenye bomba lako, kwa mwezi mzima: tarehe, saa yalipoanza, saa yalipokatika. Daftari la mwezi mmoja linatosha kuonyesha kama mgao wa mtaa unaweza kubeba nyumba nyingine 112. Ripoti ikisema "mradi utachimba kisima", uliza ni visima vingapi tayari viko ndani ya kilomita moja na kina cha maji kimeshuka kiasi gani. Uliza pia floraidi, maana maji mengi ya chini ya ardhi Nairobi yanayo kwa wingi, na watoto ndio wanaolipa kwa meno yao.

*Majitaka.* Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia hutoka tena kama majitaka. Katika mfano wetu ni lita 27,000 hivi kwa siku, kwenye bomba lililolazwa wakati kila kiwanja kilikuwa na nyumba moja na bustani. Msifungue chemba, yale mashimo ya majitaka yenye vifuniko, ni hatari. Subirini mvua. Mtaani kwetu aliyetufungua macho ni mama mmoja auzaye mboga kwenye kona. Tulikuwa tunajadili mabomba kwa maneno makubwa, akatuonyesha kwa kidole: "Hiyo ya hapo, mwanangu, mvua ikinyesha usipite na viatu vya kanisani. Na ile ya karibu na mti hufurika hata bila mvua, Jumamosi, watu wakifua." Jumamosi iliyofuata tulienda saa nne asubuhi. Kifuniko kilikuwa kinainuka na kushuka taratibu kama mfuniko wa sufuria, povu la sabuni likitoka pembeni. Picha ile, na saa yake, ilikuwa na uzito kuliko kurasa tatu za malalamiko.

*Mvua.* Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 50, ambayo Nairobi huipata wakati wa masika, ikinyesha kwenye kiwanja cha mita 2,000 huleta lita 100,000. Nyumba ya zamani na banda lake ilifunika sehemu ndogo, maji mengine yakanywewa na nyasi. Jengo jipya likiwa na maegesho ya zege, asilimia 80 ya kiwanja inaweza kuwa imefunikwa, na lita 80,000 zinakwenda barabarani. Zidisha kwa viwanja vya barabara yenu. Kisha pima mtaro kwa futi kamba: upana, kina, na mahali ulipozibwa na kifusi. Aliyeona mafuriko ya Aprili na Mei 2024 hahitaji kuelezwa kwa nini.

Mtaa wenu ukiwa karibu na kijito, na huko Kilimani na Kileleshwa kuna Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo, tafuta kwenye ramani ya ripoti mahali ukingo ulipochorwa. Kanuni za maji zinataka eneo la ukingo lisilopungua mita 6 na lisilozidi 30 kila upande, likipimwa kutoka pale maji yanapofika mto ukifurika. Ramani nyingi hupima kutoka maji yalipo wakati wa kiangazi. Tofauti ya mita chache inatosha kumwokoa au kumzamisha jirani.

*Kivuli.* Hili hudharauliwa, lakini linahesabika. Nairobi iko karibu na mstari wa ikweta, kusini kidogo. Mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini. Jengo la mita 42, yaani ghorofa 14 za mita tatu, hutupa kivuli cha kama mita 19 kuelekea kusini wakati jua liko juu kabisa katikati ya Juni. Saa tatu asubuhi kivuli hichohicho hupita mita 60, kikiinamia kusini-magharibi. Hapo ni asubuhi ya baridi ya Juni, wakati shule ya watoto ya jirani inategemea jua kukausha uwanja na wewe kukausha nguo. Chora duara kwenye ramani, uone ni nyua ngapi zinaingia.

*Magari.* Simama kwenye makutano saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi, siku tatu za kazi, uhesabu magari kila dakika 15. Watoto wa sekondari wanaipenda kazi hii, nao huhesabu kwa uaminifu kuliko sisi. Hesabu pia watembea kwa miguu, maana ripoti nyingi zinawasahau, na ndio wengi.

Zoezi hili lote linahitaji wikendi mbili na daftari la shilingi mia. Likikamilika, una kitu ambacho rasimu nyingi hazina: vipimo vya hapo hapo.

Tano, soma ripoti kutoka nyuma

Usianze na ukurasa wa kwanza. Kurasa za mwanzo ni historia ya Kenya, mvua ya wastani na sheria zilizonakiliwa. Anza na viambatisho: orodha ya mahudhurio ya mikutano, hojaji zilizojazwa, barua kutoka kampuni ya maji. Je, kuna barua yoyote ya kampuni ya maji inayosema bomba linatosha, au ni mwandishi wa ripoti anayesema? Hojaji zilijazwa na nani? Niliwahi kuona fungu la hojaji ambazo mwandiko wa zote ulikuwa mmoja.

Kisha nenda kwenye sehemu ya njia mbadala. Ripoti inatakiwa kulinganisha pendekezo na chaguo jingine, pamoja na lile la kutobadilisha kitu. Kwa kikomo kipya cha mtaa, njia mbadala halisi ni kama ghorofa sita badala ya kumi na nne, au kikomo kipya kianze kwenye barabara kuu pekee, au kianze baada ya bomba kupanuliwa. Ukikuta aya mbili zinazosema "kutokufanya lolote kutadumaza maendeleo", hapo pana pengo, liandike.

Mwisho angalia jedwali la hatua za kupunguza athari. Kila hatua iwe na mhusika, gharama na muda. "Mitaro itaboreshwa" ni maneno ya hewani. Nani ataiboresha, kwa fedha ya bajeti gani, kabla ya jengo la ngapi? Na angalia kama kuna sehemu ya athari za pamoja, ile hesabu ya viwanja sitini niliyosema. Tathmini ya kimkakati isiyojumlisha haijafanya kazi iliyotumwa.

Sita, mkutano wa hadhara

Kwa ripoti kamili ya mradi, kanuni za 2003 zinadai angalau mikutano mitatu na watu wanaoathirika, mabango, tangazo gazetini na redioni. Kwa tathmini ya kimkakati kuna hatua ya kuweka upeo wa masuala, kisha rasimu, kisha kikao cha kuithibitisha. Nenda kwenye hatua ya upeo. Suala ambalo halikuandikwa hapo ni vigumu kuliingiza baadaye.

Nitaeleza kilichotupata mara ya kwanza, ili kisiwapate. Tulialikwa chini ya hema, viti vya plastiki, soda baridi. Karatasi ikazungushwa tusaini, tukasaini kama watu wastaarabu. Miezi michache baadaye, ripoti ya mradi ule ikatoka na orodha yetu nyuma yake chini ya kichwa kinachosema wakazi waliunga mkono. Hakuna aliyekuwa ameunga mkono. Tangu siku hiyo, kila mmoja wetu akisaini huandika pembeni ya jina lake: "Nimehudhuria. Sijatoa kibali." Maneno matatu hayo yaandikeni nanyi.

Chagueni mmoja wenu aandike kumbukumbu zenu wenyewe: nani aliuliza nini, akajibiwa nini. Ombeni maelezo yatolewe kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na mzee wa Nyumba Kumi asiyefuata Kiingereza cha kitaalamu ana haki ileile ya kuelewa kitakachojengwa juu ya kichwa chake. Na mkutano ukiitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, andikeni barua kuomba mwingine Jumamosi. Wafanyakazi wa nyumbani na walinzi nao wapewe nafasi ya kuja. Maji yakikatika, wao ndio hubeba ndoo.

Saba, andika maoni

Maoni yenye nguvu yana sehemu tatu: ukurasa wa ripoti, kipimo chako, na ombi lako. Barua hamsini zinazosema "hatutaki" huhesabiwa kama sauti moja. Barua moja yenye jedwali hulazimu jibu. Mfano:

"Ukurasa wa 47 wa rasimu unasema bomba la majitaka la barabara yetu linatosha kwa kikomo kipya. Kati ya Machi na Mei wakazi wameandika siku 11 ambazo chemba mbili zilifurika. Jedwali na picha zimeambatanishwa. Rasimu haionyeshi kipenyo cha bomba wala kiasi kinachopita sasa. Tunaomba vipimo hivyo viwekwe kwenye ripoti ya mwisho, na kikomo kipya kisitumike kwenye barabara hii kabla bomba halijapanuliwa."

Hoja moja, aya moja. Ukiwa na hoja sita, weka aya sita zenye namba. Yaacheni malalamiko kuhusu thamani ya nyumba yenu kushuka au aina ya watu watakaohamia. Hayo si mazingira, na yanawachafulia hoja nzuri. Nimeona barua safi kuhusu mitaro ikapuuzwa kwa sababu ya sentensi moja ya mwisho kuhusu "watu wa hali ya chini". Inaumiza kuisoma, na aliyeiandika hakustahili kushinda.

Peleka nakala mbili mkononi, moja igongwe muhuri wa tarehe urudi nayo nyumbani. Tuma na kwa barua pepe. Nakala iende kwa kaunti, kwa mwakilishi wa wadi, na kwa kampuni ya maji.

Nane, uamuzi ukitoka

Hapa siku zinakimbia, na kila uamuzi una mlango wake. Kibali cha ujenzi cha kaunti hupingwa kwenye kamati ya rufaa ya mipango na matumizi ya ardhi ya kaunti ndani ya siku 14. Leseni ya NEMA hupingwa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60, chini ya kifungu cha 129 cha EMCA. Juu yake iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ukigonga mlango usio wako unaweza kurudishwa bila kusikilizwa, na siku zako zimeliwa. Usidhani pia kwamba kufungua rufaa kunasimamisha tingatinga peke yake. Omba amri ya kusimamisha siku ileile unayofungua.

Katiba iko upande wako zaidi ya unavyofikiri. Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuonyesha kwamba wewe binafsi umeumia. Na ushiriki wa umma hauchukuliwi kama mapambo: Juni 2019 Jopo hilo lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu, mradi mkubwa kuliko ghorofa lolote la Kilimani, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba watu wa Lamu hawakushirikishwa ipasavyo. Waliofungua rufaa ile walikuwa wakazi wa huko pamoja na shirika lao la Save Lamu.

Tafuteni wakili mapema, hata kwa saa moja ya ushauri. Changeni. Faili likiwa limepangwa kwa tarehe, saa hiyo moja inatosha kujua kama mna kesi.

Tisa, leseni ikishatolewa

Leseni huja na masharti. Omba nakala yake, yabandike kwenye ubao wa chama cha wakazi. Kelele za ujenzi kwenye eneo la makazi zina kikomo cha desibeli 60 mchana na 35 usiku, na usiku kwa kanuni za kelele za 2009 huanza baada ya saa kumi na mbili jioni. Kelele za kuchanganya zege saa tano usiku zikizidi kikomo hicho ni kosa, piga simu NEMA na uandike tarehe. Jengo likianza kutumika hutakiwa ukaguzi wa mazingira, na ukaguzi huo ni fursa yako ya kurudisha daftari lile la chemba na kuuliza: mlisema bomba linatosha, mbona Jumamosi bado kifuniko kinacheza?

Faili lote, kuanzia tangazo la kwanza hadi masharti ya leseni, tengenezeni nakala tatu. Moja ibaki kwa katibu wa chama, moja iwekwe kwenye mtandao ambako majirani wote wanaweza kuifikia, na moja apewe yule jirani ambaye hana mpango wa kuhama.